Mashine ya Kahawa Isiyoogopa

Vichupa vilikuwa vya pilipili. Ni vile vya kioo, vifupi, ambavyo wamama wa soko hutilia pilipili ya kusaga yenye mafuta. Nilikuwa nimevikusanya kwa majirani wa upande wetu wa Keshero, nikavichemsha, nikavianika juani juu ya ukuta wa mawe ya volkano, nikavinusa, nikavichemsha tena. Niliogopa kwamba harufu ya pilipili ilikuwa imejificha kwenye vifuniko. Mwishowe nilimwomba Mama avinuse yeye, kwa sababu pua ya mtu mwenye hofu hunusa kile inachokitafuta. Mama alivinusa kimoja kimoja huku akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, akasema havinuki kitu ila sabuni. Basi nikaanza kuogopa sabuni.

Kila kichupa kilipaswa kubeba punje za kikombe kimoja tu cha espreso, gramu kumi na nane, zilizopimwa kwenye mizani ndogo ya betri. Kifuniko kinafungwa, kichupa kinasubiri zamu yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya asubuhi katika miezi ile ya kujiandaa, kazi ya kujifunza kazi ambayo bado haijaanza. Niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na nadhani ndiyo sababu sikuona yaliyokuwa yakiendelea ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Nilikuwa nimemaliza agronomia hapa Goma, nikafanya staji, mafunzo ya kazini, kwenye chumba cha kuonjea kahawa cha koperative moja ya wakulima. Ni mahali ambapo watu wazima huizunguka meza, huvuta kahawa kwa kijiko kwa kelele kama watoto wanaokunywa supu, kisha hubishana kama ile ladha ni ya ndimu au ya chungwa. Nyumbani tulikulia kwenye chai. Pale ndipo nilipojua kwamba kitu kinachobebwa kwa magunia mbele ya macho yetu kila msimu ni kitu kizuri. Kisha staji ikaisha, na mji ukabadilika kwa namna ambayo kila mtu hapa anaijua: benki zikafunga milango, ndege zikaacha kutua, mashirika yakapunguza watu, na sisi wenye diplomu mpya tukazitia kwenye plastiki zisishike unyevu. Niliomba kazi kila mahali. Kila nilipokataliwa nilitafuta kosa ndani yangu. Labda nilisalimia kwa sauti ndogo. Siku nyingine, labda nilisalimia kwa sauti kubwa.

Aliyenitoa hapo ni yaya. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, awe wa kike au wa kiume. Wangu ni wa kike. Papa, baba yetu, alikuwa karani, alituleta Goma kutoka Bukavu nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, na alipofariki yaya ndiye aliyesimama mbele yetu. Anauza vitenge. Anaweza kumtazama mama anayepita tu na kujua ni rangi gani ataigusa kwanza. Hatufanani. Yeye huamua safari akiwa bado anavaa viatu. Mimi huwa nimefika getini, nikarudi ndani kubadilisha viatu.

Siku moja alisimama katika sebule yetu, chumba cha mbele kinachotazama barabara, akasema hapa tutaweka nyumba ya kahawa. Alisema watu wa mji huu wamechoka kunywa kahawa ya kopo huku ile ya mashamba ya Kalengera inapita mbele yao kwenda ng'ambo. Hoteli moja iliyofungwa ilikuwa inauza mashine yake ya espreso, na yeye alikuwa amekwisha zungumza nao. Kisha akaninyooshea kidole.

"Miye nitaleta batu," alisema. "Weye utasimama ku mashine."

Maneno hayo niliyashika kama tunavyoshika jeton, ile karatasi ndogo ya kuvukia mpaka, ambayo mtu huigusa mfukoni kila mara kuhakikisha bado ipo. Nilikuwa nimepata mahali pa kusimama. Sikuwa na ahadi nyingine kutoka kwa mtu yeyote.

Mashine ya espreso ililetwa juu ya chukudu, lile baiskeli letu la mbao, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Ikabaki ya kusaga. Watu hudhani ile ya espreso ndiyo kubwa kwa sababu inang'aa na kutoa mvuke, lakini maji ya moto ni maji ya moto tu. Ladha huamuliwa kabla, pale punje zinapovunjwa, na zikivunjwa vibaya hakuna mvuke utakaozisaidia. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba mashine ya kusaga itakuwa nzuri hasa, ya wataalamu, na kwamba kuichagua ni kazi yangu. Yaya alilisema hilo mbele ya Mama.

Nilichagua kwa miezi. Nilitazama video kila wakati umeme na mtandao vilipokubali kuwepo pamoja. Nilijifunza habari za meno. Kuna meno bapa, sahani mbili za chuma zinazotazamana, ambayo hutoa kahawa safi, kila ladha inasimama peke yake. Kuna mengine ya umbo la pia, ile ya watoto kuchezea, jino moja likizunguka ndani ya jingine, ambayo hutoa kahawa nzito. Asubuhi nilikuwa mtu wa meno bapa, jioni mtu wa pia. Muuzaji mmoja wa Kigali nilimtumia maswali mengi kwa simu mpaka akaacha kuniita madamu, akaanza kuniita daktari, na nilikaa siku nzima nikijiuliza kama ananiheshimu au ananicheka.

Baadaye nikaelewa kwamba swali la meno siyo la kwanza. La kwanza ni hili: unapimaje? Kwa hilo mashine ziko za aina mbili. Aina moja ina faneli kubwa juu. Unaijaza punje za siku nzima, unabonyeza kitufe, nayo inasaga kwa sekunde ilizoambiwa na kutema kipimo. Ni ya haraka, na mtu yeyote anaweza kuitumia. Aina ya pili haina faneli, ina kikombe kidogo tu kichwani. Unapima mwenyewe punje za kikombe kimoja, unazimimina, inasaga mpaka ya mwisho, kisha unabonyeza kipulizio cha mpira ili hata unga uliokwama kooni utoke. Ulichotia ndicho unachopata.

Moyo wangu ulikwenda kwenye aina ya pili, na nilikuwa na sababu, kwa maana mimi siwezi kupenda kitu bila kujitetea. Kuna vumbi jeusi la mji wetu, linaloingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Punje zinazokaa kwenye faneli kutwa zingelilamba, lakini zilizo kwenye kichupa zina kifuniko. Kuna umeme: ukikatika katikati ya kusaga, mashine ya sekunde husahau ilipofikia, na kipimo hicho umekipoteza, ila ya kichupa kimoja unangoja tu umeme urudi na punje zako zote ziko mle ndani. Na kuna kahawa yenyewe, ambayo tungeipata kidogokidogo, leo ya mlima huu, kesho ya kisiwa kile. Katika vichupa vyangu kila moja ingekaa kwake.

Nilimweleza yaya yote hayo akiwa anakunja vitenge sakafuni. Alikuwa anasikiliza kwa kichwa kilichoinama, nami nilidhani hasikii, kwa hiyo nikatafuta namna fupi ya kusema. Nikamwambia: ile ya faneli ni ya nyumba ambayo watu wanabadilika, yeyote atakayekuja atabonyeza. Hii nyingine ni ya mtu mmoja anayebaki.

Akainua macho. Akaniomba nirudie. Nikarudia, nikiwa na furaha kwamba hatimaye nimesema kitu kinachoeleweka.

Wakati huo yaya alikuwa na mchumba, kijana wa familia ya Butembo, wafanyabiashara wa safari ndefu, Wakatoliki kama sisi. Ukafika wakati wa familia yake kuja nyumbani kujionyesha rasmi, sherehe tunayoiita prezantasio. Kwetu siku hiyo mdogo wa binti haketi. Yeye ndiye mikono ya nyumba: analeta sukari za chupa, yaani soda, anaondoa sahani, anatabasamu, anatoka. Nilivaa kitenge alichonichagulia yaya na nikaingia na kutoka tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mazungumzo ya siku ile niliyapata kama mtu anayesikiliza redio wakati mtoto anachezea kitufe.

Mara moja niliingia na sinia la sambaza wa kukaanga nikamkuta yaya anaeleza habari ya nyumba ya kahawa. Wakwe walikuwa wameinama kumsikiliza. Alikuwa anasema, bila kukwama, kwamba mashine za kusaga ziko aina mbili, moja ya nyumba yenye batu banabadilika, na ingine ya mutu moja mwenye anabaki. Mama mkwe alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa jambo la hekima. Yalikuwa maneno yangu. Yaya, ambaye hakuwahi kumnukuu mtu yeyote, alikuwa ananinukuu mimi mbele ya wakwe. Nilisimama pale na sinia mpaka shangazi mmoja akaniuliza kama samaki wale ni wa kutazama.

Nikatoka kufuata pilipili. Niliporudi walikuwa wanapiga makofi, na baba mkwe alikuwa anasema, "Basi, tumesikilizana." Nilidhani ni habari ya ng'ombe wa mahari. Nilifurahi pamoja nao, nikapiga makofi kwa mkono mmoja juu ya sahani.

Wageni walipoondoka yaya aliniambia kwamba wakwe wameamua kutupatia ile mashine ya kusaga, iwe zawadi yao kwa nyumba, na kwamba yeye na mchumba wake watakwenda Kigali kuichukua. Nilitaka kwenda nao. Alicheka. Alisema nitauliza maswali hadi frontière, ule mpaka wa Rwanda, ifungwe na sisi sote tulale Gisenyi kwenye ngazi za kanisa. Mama naye akacheka, na mimi nikacheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Asubuhi ya safari nilimfuata hadi getini. Nilimwambia tena, isiyo na faneli. Alikuwa anafunga kilemba. "Isiyo na faneli," alisema, vizuri kabisa, kama anavyojibu Salamu Maria.

Kitu cha kwanza kutoka kwenye boksi kilikuwa faneli.

Ilikuwa imefungwa peke yake, kubwa, ya plastiki angavu, mtoto mchanga angeweza kuogeshwa ndani yake. Kisha ikafuata mashine yenyewe, nyeusi, nzito, nzuri kwa kweli, yenye kioo kidogo mbele na vitufe viwili: kikombe kimoja, vikombe viwili. Mchumba wa yaya aliiweka mezani kwa upole. Kila mtu alinitazama nione furaha. Nilisema aksanti. Nilisema meno yake ni bapa, ambayo ilikuwa kweli.

Siku zilizofuata nilimtetea yaya kichwani mwangu kama wakili asiyelipwa. Muuzaji amemdanganya. Nyingine zilikuwa zimekwisha. Mchumba aliichagua, naye yaya hakutaka kumwaibisha mbele ya watu. Amesahau, ana harusi ya kufikiria. Kila utetezi niliujenga hadi paa, na kila mara nilikuwa nakumbuka ule mdomo wake getini, isiyo na faneli, na jinsi alivyoirudia bila kubabaika. Mtu aliyeelewa vizuri namna ile hasahau.

Nilimwendea Mama nikamuuliza kama tungeweza kuibadilisha, kwa heshima, muuzaji angekubali. Mama aliacha alichokuwa anafanya.

"Kitu ya bakwe hairudishwi," alisema. "Ukirudisha mashine, umerudisha na yaya yako."

Hilo nilikuwa nalijua. Kwetu kinachotoka kwa wakwe hupokelewa kwa mikono miwili na hakikaguliwi. Kama yaya angenunua mashine ile mwenyewe, ningeweza kupiga kelele. Kwa kuwa ilipita mikononi mwa wakwe, nilikuwa nimefungwa mdomo kwa adabu, na baadaye nilijiuliza kama hilo nalo lilikuwa limefikiriwa.

Niliamua kuizoea. Nilijiambia kwamba fundi hachagui nyundo. Niliijaza punje, nikabonyeza, nikapima unga iliotema: ulikuwa mwingi mno kwa vichujio vyetu, unga ukamwagika pembeni. Nikasogeza meno yakaribiane ili unga uwe laini zaidi. Sasa kwa sekunde zilezile ulitoka kidogo mno, kama inavyokuwa siku zote kwa mashine za namna hii. Ukibadilisha unene lazima ubadilishe na sekunde. Nikagusa kioo kubadilisha sekunde. Kioo kikaniomba namba ya siri.

Nilikaa nikikitazama. Nilikuwa nimesoma habari ya namba hiyo kwenye video. Wenye nyumba huiweka ili wafanyakazi wao wasichezee vipimo.

Nilimpigia yaya simu dukani. Alisema ana wateja, tutazungumza. Jioni alisema amechoka. Sikumsukuma, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa jibu.

Kesho yake mwanamke mmoja alishuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, mbele ya geti letu. Alikuwa dada mdogo wa mchumba, yaani wifi yake yaya, msichana wa rika langu, mwenye uso wa huruma. Nilikuwa nimemhudumia soda siku ya prezantasio. Aliingia, akanikumbatia, akafungua mfuko wake, akatoa tabliye, aproni ya kazi. Ilikuwa imepigwa pasi, mpya, ya rangi ya kahawa, yenye mfuko wa kitambaa kilekile tulichochagua mimi na yaya kwa mapazia ya sebule. Mshonaji wetu ana foleni ndefu. Tabliye ile haikuwa imeagizwa jana wala juzi.

"Yaya yako alisema utanionyesha fasi ya kubonyeza," alisema.

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo sikuijua, kama anakuja kusaidia siku ya ufunguzi. Akanishangaa. Alisema hapana, yeye ndiye atakayekuwa pale kwenye mashine. Si walisikilizana siku ile ya prezantasio, familia yao ilete mashine na mtu wa kuisimamia? Mimi si nilikuwepo?

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kuleta pilipili.

Namsifu kwa jambo moja: aliona uso wangu, akaacha kuongea, akaanza kuikunja tabliye upya ingawa haikuhitaji kukunjwa. Nilimwonyesha choo kilipo na kumpa chai. Kisha nikamngoja yaya.

Alirudi mchana, akamkuta wifi yake uani anaongea na Mama, na mimi sebuleni mbele ya ile mashine. Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ambazo zilikuwa safi.

"Yaya," nikamwambia, "namba ya mashine ni ngapi?"

"Ya nini?"

"Nataka kubadilisha kipimo."

"Kipimo balishafunga kule kule."

"Nani aliwaambia wafunge?"

"Miye."

Alisema hivyo bila kugeuka. Nilimuuliza kama anakumbuka nilichomweleza siku ile ya vitenge, mashine ya faneli ni ya nani. Akasema anakumbuka. Ni ya nyumba yenye batu banabadilika. Nikamuuliza, na ile nyingine?

"Ya mutu moja mwenye anabaki."

"Sasa?"

"Sasa nilileta ya nyumba."

Nilitarajia atatafuta kisingizio. Nilikuwa nimemwandalia vingi, angechukua chochote. Badala yake aliketi, akaweka kitambaa magotini, akaanza kusema polepole, kama anavyowaambia wateja bei ambayo haitashuka. Alisema wakwe hawakutaka kuweka mali yao mahali ambapo hakuna mtu wao. Alisema alikataa mara ya kwanza, ila hakukataa mara ya pili. Kisha akasema jambo ambalo nadhani lilikuwa moyoni mwake kabla ya wakwe, kabla ya mchumba, labda tangu vichupa.

"Siku ile ulipimia Mama kikombe, unakumbuka? Ulipima, ukapunguza punje moja, ukarudisha, ukapima. Mama alingoja mpaka akaenda kuanika nguo. Muteja hatangoja. Weye unaogopa kifuniko, unaogopa sabuni, unaogopa mavumbi. Miye nilitafuta mashine yenye haiogopi."

Ningemwambia kwamba hofu yangu ndiyo ilimfundisha kila alichokijua kuhusu mashine. Ningemwambia kwamba angeweza kuniambia mimi kwanza, hata kwa sentensi moja, kabla ya kuyachukua maneno yangu kuyapeleka kwa wakwe kama sambaza kwenye sinia. Hayo niliyapata baadaye, nikiwa nafua, yote kwa mpangilio mzuri. Pale mbele yake nilichoweza kuuliza ni kwa nini aliniacha niendelee kuchagua miezi yote ile.

"Juu ulikuwa unafurahi," alisema.

Hilo ndilo ambalo sijalisamehe. Nafasi angeweza kuichukua. Nyumba ni yake kuliko yangu, na watu huchukuliana nafasi kila siku katika mji huu. Lakini alinitazama nikifurahi, akijua, akaona ni sawa kuniachia furaha hiyo kama mtu anavyomwachia mtoto simu iliyozimwa achezee.

Nilimfundisha wifi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu aliuliza vizuri, labda kwa sababu siwezi kumtazama mtu akibana unga wa kahawa kwenye kichujio ukalala upande. Yaya aliniletea ile namba siku moja tu, niweke sekunde zinazofaa, kisha akaibadilisha. Nilimwonyesha wifi namna ya kusikia mlio wa meno unapobadilika punje zikiwa kavu. Nilimwonyesha tone la maji linalotiwa kwenye punje wakati wa kiangazi, ili unga usirukeruke. Nikamweleza pia kwamba mashine ya aina hii huwa inabakiza unga kooni, na kwamba asubuhi kipimo cha kwanza ni cha kumwaga, kwa maana sehemu yake ni ya jana, imekwisha poteza harufu. Yaya alikuwa anapita, akasikia.

"Hapa hatumwagi kahawa," alisema. "Hiyo ya kwanza nitakunywa miye."

Nyumba ya kahawa ilifunguliwa na ikapata watu. Ni kweli, yaya alileta batu. Makarani, wafanyabiashara waliovuka kutoka ng'ambo, vijana wa chuo wanaogawana kikombe. Wifi anabonyeza, kikombe kinatoka, hakuna anayengoja. Mimi nilipata nafasi ya kufundisha sayansi katika shule moja ya upande wa Mugunga, na kila asubuhi lazima nipite katikati ya sebule kwa sababu mlango wa kutokea ni huo. Napita upande wa wateja. Yaya huwa ameketi kwenye meza ya kwanza na kikombe chake cha kwanza, anakunywa taratibu akitazama barabara.

Asubuhi moja alinisukumia kikombe hicho. Niliketi, kwa mara ya kwanza, kwenye kiti cha mteja, nikanywa. Kilikuwa na ladha ile niliyoitarajia, ya karatasi, ya kabati lililofungwa muda mrefu, na chini yake, mbali, ladha ya chungwa ambayo ilikuwa njema jana.

"Iko aje?" aliuliza.

"Ni ya jana."

"Ulinionyesha," alisema, akakirudisha upande wake, akakimaliza.

Nilidhani ataongeza neno. Nilikaa pale mpaka nikachelewa shule nikilingoja. Wifi aliwasha mashine, nayo ikasaga kwa sekunde zake.

Vichupa alivichukua Mama. Hakuniuliza. Nilivikuta siku moja juu ya meza ya chakula vimejaa pilipili ya kusaga yenye mafuta, vimepangwa kando ya bugali. Tulikuwa wanne: Mama, yaya, wifi na mimi. Yaya alifungua kimoja, akachota, akaonja, akakunja uso. Alisema pilipili hii inanukia kahawa. Mama akanusa, akasema ni uongo, aliviosha vizuri. Wifi akanusa, akasema hajui kusema. Wakabishana kidogo huku wanacheka, kisha yaya akanisogezea kichupa mbele ya pua, kama zamani, na wote watatu wakangoja nitasema nini.

Nilichukua kifuniko, nikakifunga, nikamwomba Mama chumvi.